Mashine haijui matanga

Mhariri,

Kila inapozuka kashfa ya pesa za umma, hakosi msomaji wa kukuandikia kwamba dawa ni kununua zile programu za wapelelezi wa Ulaya na Marekani, eti wezi wataanikwa kwa siku moja. Nami naomba nafasi kidogo. Nimekaa miaka kumi na mmoja katika benki moja hapa Mombasa, meza ya kukagua miamala inayotiliwa shaka, na programu ya aina hiyo ndiyo niliyoshinda nayo kutwa.

Siidharau. Chukua i2 Analyst's Notebook, iliyoanzia Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Unaimwagia namba za simu, akaunti, kampuni, magari na tarehe, nayo inakuchorea nani ameungana na nani. Kampuni tatu zilizopata zabuni katika wizara tatu, ukizisoma kwenye mafaili hazijuani kabisa; kwenye mchoro unazikuta zote zimening'inia kwenye sanduku moja la posta. Zamani kazi hiyo ilikula majuma na ukuta mzima wa karatasi.

Shida huanzia kwenye majina. Kitambulisho kinasema Mwanaisha, faili la benki Mwana Aisha, laini ya simu Aisha peke yake. Mashine inakutolea wanawake watatu. Au hufanya kinyume: huku pwani mjukuu hupewa jina la babu, basi Ali Mohamed Ali unaweza kuwapata watano mtaa mmoja, na programu ikawafunga wote kuwa mtu mmoja mwenye pesa za ajabu. Utasema namba ya kitambulisho itawatenganisha. Ni kweli, pale ilipoandikwa sawasawa. Na mwizi mwenye akili hatumii laini yenye jina lake. Hutumia ya shamba boy wake.

Sitasahau akaunti ya mama mmoja muuza samaki. Kwa siku tatu iliingiza pesa kutoka namba zaidi ya mia mbili: mia, mia mbili, mia tano, chache zikitoka Uarabuni. Siku ya nne alikuja kuzitoa zote. Ukifuata kanuni zilizowekwa ndani ya ile programu, huo ni utakatishaji wa pesa usio na shaka: vijito vingi vimeingia bwawa moja, kisha bwawa likakaushwa. Mashine ikapiga kelele, akaunti ikafungwa, na mama akaambiwa asubiri. Nilipofungua maelezo ya ile miamala, nusu yake yalikuwa na neno moja: "pole". Kijana wake alikuwa amefia kazini ughaibuni na watu walikuwa wanachanga. Akaunti ilifunguliwa baada ya siku mbili, nasi hatukumwomba radhi. Mweka hazina wa chama naye humpata hayo hayo kila mwisho wa mwezi.

Sasa tazama upande wa pili. Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilizitoza benki tano faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5 kwa jinsi zilivyozishughulikia pesa za NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyokumbwa na kashfa ya wizi. Makosa yaliyotajwa hayakuwa ya kompyuta. Pesa taslimu nyingi hazikuripotiwa, na wateja walitoa mamilioni bila hati za kueleza ni za nini. Hakuna programu inayoweza kuchora mstari wa ripoti ambayo karani hakuiandika, au aliyoambiwa na mkubwa wake asiiandike.

Wanaopenda kutaja nyaraka za Panama za 2016, zile zilizovuja kutoka kampuni ya mawakili na kuanika kampuni za siri za matajiri, wazitaje zote. Hati milioni 11.5, terabaiti 2.6, zilipangwa kwa programu za kutafuta na kuchora mahusiano, naam. Lakini mbele ya hizo programu walikaa waandishi zaidi ya 370 kutoka pembe zote za dunia, kwa karibu mwaka mzima, kila mmoja akisoma majina ya kwao. Mashine ilitoa jina. Aliyejua kwamba huyo ni shemeji ya waziri alikuwa mtu.

Hata mahakamani, mchoro mzuri peke yake hauendi mbali. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kwa ushahidi uliotoka kwenye kompyuta, na wakili wa utetezi ataanza kwa kuuliza nani aliingiza takwimu hizo na alizipata wapi. Anayepaswa kujibu ni mchambuzi aliyesimama kizimbani.

Kwa hiyo wanaotaka inunuliwe, na inunuliwe. FRC, kituo cha serikali kinachopokea ripoti za miamala inayotiliwa shaka kutoka kwa mabenki, tayari kinatumia goAML, programu iliyotengenezwa na Umoja wa Mataifa, na bado Februari 2024 tuliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa pesa, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwa sababu ya udhaifu wao. Mimi ninachosubiri kusikia bungeni ni hesabu nyingine: wachambuzi wangapi wataajiriwa wakae mbele ya hizo skrini, watalipwa nini wasihamie kwa wale wale wanaowachunguza, na kama miongoni mwao atakuwemo hata mmoja aliyewahi kushika daftari la mchango wa matanga.

Karani mstaafu wa benki,
Mombasa