Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Chanjo zetu zisitegemee damu ya kaa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kisumu. Mara mbili kwa wiki humpeleka mama kusafishwa damu kwa mashine, nikakaa kando yake saa nne nzima. Nesi huugonga mrija kwa kucha hadi povu liishe, ndipo aachilie maji. Tukirudi nyumbani mama hana homa wala hatetemeki, na shukrani nyingine ni ya mnyama ambaye hajawahi kumwona.

Ni kaa mwenye umbo la kwato ya farasi, ingawa kwa ukoo yuko karibu zaidi na buibui na nge. Damu yake ni ya buluu kwa ajili ya shaba iliyomo, na huganda ikikutana na sumu ya bakteria, sumu iletayo homa na isiyoisha hata dawa ikichemshwa. Frederick Bang na Jack Levin walilieleza hilo miaka ya 1960. Dawa na dondoo ya damu hiyo huchanganywa ndani ya kichupa, zikakaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa moja, kisha kichupa hupinduliwa. Mchanganyiko ukiwa umeganda, usidondoke, dawa hiyo haifai kumdunga mtu. Zamani walioumia kwa kazi hii ya kupima dawa walikuwa sungura.

Huko Marekani kaa hao huvuliwa, hutolewa damu, kisha hurudishwa baharini. Wanaokufa hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 15 na 30. Aina moja ya Asia tayari iko hatarini kutoweka. Sisi wa ziwani hatuhitaji kusimuliwa. Waulize wavuvi wa ufuo wa Dunga hapa Kisumu, samaki wetu ngege wamekwenda wapi.

Na njia nyingine ipo, Mheshimiwa. Watafiti wa Singapore walichukua jeni ya kaa huyo wakaweza kuitengeneza maabara protini ileile ya damu yake inayoitambua sumu hiyo, bila kumgusa mnyama. Inauzwa tangu 2003. Ulaya iliiingiza katika viwango vyake vya dawa mwaka 2021, na Marekani ikafuata 2025.

Kenya BioVax inajiandaa kutengeneza chanjo hapa nchini. Kwa kuwa bado tunaanza, hatuna mazoea ya kuvunja. Naomba kanuni zetu za kupima dawa za sindano zikitaje kwa jina kipimo hicho cha protini ya maabara, na wataalamu wetu wafunzwe hicho kwanza, kabla chupa ya kwanza haijajazwa.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Kisumu