Kupanda uzito si kazi ya wiki tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowaumiza mabondia wetu wa Nyanda za Juu Kusini, nalo ni desturi ya kumpandisha bondia uzito kwa haraka kwa sababu tu pambano limepatikana.

Mwaka jana kijana ninayemfundisha hapa Mwanjelwa, Mbeya, aliyezoea kupigana katika kilo 57, alipigiwa simu na promota mmoja akaambiwa kwamba nafasi iliyobaki ni ya kilo 61, na pambano ni baada ya wiki tatu. Malipo yalikuwa makubwa kuliko yote aliyowahi kuahidiwa, naye ana mtoto mchanga, kwa hiyo sikumkatalia, na hadi leo jambo hilo linaniuma. Alikula ugali, chipsi na nyama asubuhi na jioni hadi mizani ikasoma kilo 61.

Ulingoni ndipo tulipoyaona. Konde lake la kushoto, ambalo limewahi kuwaangusha watu watatu, lilimpata mpinzani barabara kwenye taya katika raundi ya pili, lakini yule bwana alipepesa macho tu na kuendelea kuja. Mpinzani huyo alikuwa amejikausha, yaani amepunguza maji mwilini, ili afike kilo 61 siku ya kupima, kisha akala na kunywa hadi siku ya pili, na kwa macho yangu hakupanda ulingoni akiwa chini ya kilo 65. Kila walipokumbatiana alimlalia kijana wangu shingoni kwa uzito wake wote, na ilipofika raundi ya tano miguu ilikuwa imekwisha na mikono imeshukia kifuani. Alishindwa kwa pointi, na namshukuru Mungu hakuumia zaidi.

Konde huanzia miguuni, likapita kiunoni na begani kabla ya kufika kwenye ngumi, kwa hiyo kilo za mafuta hazilisaidii kitu, bali ni mzigo ambao moyo na mapafu hubebeshwa tangu kengele ya kwanza. Kijana huyu hukimbia kila alfajiri kuelekea Mlima Loleza na pumzi anayo, ila ni pumzi ya mwili wa kilo 57. Tena taya haliongezeki unene kwa kula.

Hata wakubwa wa dunia yamewakuta. Amir Khan alitoka uzito wa welta, usiofika kilo 67, mwaka 2016 akapigana na Canelo Álvarez katika kilo 70 na ushei; kasi yake ilisumbua raundi za mwanzo, kisha konde moja la kulia likammaliza katika raundi ya sita. Roy Jones alipanda hadi uzito wa juu akamshinda John Ruiz Machi 2003, lakini aliporudi chini mwaka huo huo alimshinda Antonio Tarver kwa taabu, na Mei 2004 Tarver huyo huyo akamwangusha katika raundi ya pili.

Sisemi kwamba kupanda ni kosa. Manny Pacquiao alishindwa kushuka hadi uzito wa kilo 50.8 mwaka 1999 akapigwa vibaya, na mwili wake ulipopewa nafasi ya kukua alichukua mataji hadi uzito wa kilo 69.8, ila safari yote ilimchukua zaidi ya miaka 10. Bondia anayejikausha hadi midomo kupasuka naye yumo hatarini, na huyo apandishwe.

Ninachoomba ni muda. Mapromota watoe taarifa ya miezi mitatu kwa bondia anayebadilishiwa uzito, na kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa iangalie uzito wa mapambano yake yaliyopita kabla ya kutoa kibali. Kijana wangu sasa ana kilo 59, zilizojengwa taratibu kwa kuchuchumaa na mzigo begani, na wiki iliyopita aliitwa tena kwa pambano la kilo 61. Tumejibu kwamba yuko tayari baada ya miezi minne, na bado tunasubiri jibu.

Kocha wa ngumi,
Mwanjelwa, Mbeya