Nusu kaputi kwa watoto: tuelezwe mapema, sio mlangoni pa thieta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie jambo linalotutesa sana sisi wenye watoto wadogo, nalo ni hii nusu kaputi. Siku hizi karibu kila mtaa utakuta mtoto ana nyama za puani, anakoroma usiku kama mtu mzima, analala mdomo wazi, mafua hayaishi, anapelekwa hospitali wanampiga picha wanasema afanyiwe upasuaji, hapo sasa ndo kimbembe kinaanza. Mama anarudi nyumbani hana raha. Kisu chenyewe hakimtishi sana na wengine hata bima wanayo, kinachomtisha ni kwamba mtoto wa miaka miwili atalazwa asijitambue, na mama mkwe keshasema watoto waliopigwa nusu kaputi wakiwa wadogo akili zinakuwa nzito, shuleni hawashiki kitu, na kwenye grupu la WhatsApp nako kuna mtu karusha ujumbe wa sauti kwamba Wamarekani wenyewe walishazikataza hizo dawa. Basi tarehe inapita, mtoto anapelekwa kwa mzee wa dawa za kienyeji, wengine wanakatwa mpaka vimeo bila sababu, na huku usiku anaendelea kukata pumzi akiwa amelala.

Mimi nasema wazi, hofu hiyo sio ujinga, na inaniuma sana nikisikia mtumishi wa afya anamjibu mama "kwani wewe ndo daktari?" Hofu ina chanzo chake. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walivipa vitoto vya panya vya siku 7 mchanganyiko wa dawa za usingizi kwa masaa 6, wakakuta seli za ubongo zimekufa na vilipokua vikawa vizito kujifunza. Afu Desemba 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ikatoa onyo kuhusu dawa 11 za usingizi na za kutuliza, na ketamini tunayoijua sana kwenye hospitali zetu imo humo.

Lakini kuonya na kukataza ni vitu viwili. Onyo lilihusu watoto wa chini ya miaka 3 na wajawazito walio kwenye miezi mitatu ya mwisho, pale dawa inapotumika zaidi ya masaa 3 au inaporudiwarudiwa. Humo humo walisema kulazwa mara moja kwa muda mfupi hakuelekei kuleta shida, na mwaka uliofuata wakasisitiza kwamba upasuaji ambao mtoto anauhitaji kweli usicheleweshwe. Hiki kipande ndo hakifikagi kwenye grupu.

Na utafiti wa watoto wenyewe, sio panya, umefanyika. Kuna mmoja mkubwa ulioongozwa kutoka Melbourne, Australia, walichukua watoto wachanga 722 wenye ngiri kwenye nchi 7, kwa kura wengine wakapewa nusu kaputi na wengine wakachomwa ganzi ya kuanzia kiunoni kushuka chini wakafanyiwa wakiwa macho, wakawafuatilia mpaka wakafika miaka 5, wakawapima akili, majibu yakatoka 2019: hakuna tofauti. Usingizi wenyewe kwa wengi ulikuwa chini kidogo ya saa moja, na kutoa nyama za puani mara nyingi hakufiki hata hapo. Watafiti wa New York nao walilinganisha ndugu kwa ndugu, jozi 105, mmoja alifanyiwa upasuaji wa ngiri kabla ya miaka mitatu na mwenzie hakulazwa usingizi kabla ya umri huo, nako akili zikawa sawa. Kwa mimi hiyo ya ndugu ndo iliniingia zaidi maana ni nyumba moja, chakula kimoja, mama mmoja.

Sasa sitaki nionekane nasema kila kitu shwari. Waliolazwa mara nyingi wakiwa wadogo ni habari nyingine kidogo, watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic Marekani mwaka 2018 waliona kipimo cha akili kwa jumla kiko sawa ila wale wa mara nyingi walikuwa nyuma kiasi kwenye wepesi wa kufikiri na kazi ndogo ndogo za vidole. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake kaungua na anaambiwa atarudi thieta mara kadhaa, ana haki kabisa ya kuuliza kama mambo mawili yanaweza kufanywa kwa usingizi mmoja, na kama kuna kinachoweza kusubiri avuke miaka mitatu. Mwenye mtoto wa tundu kwenye moyo ambaye madaktari wameshasema afanyiwe haraka hana cha kusubiri, pale kusubiri ndo hatari yenyewe.

Mhariri, kinachonisikitisha ni kwamba wazazi tunakesha tukiwaza ubongo wa mtoto atakapofika darasa la tatu, na hatuulizi kuhusu pumzi yake ya siku ile ile. Mtoto mdogo akikosa hewa anaishiwa oksijeni haraka kuliko mtu mzima, koo lake ni jembamba, na akiwa na mafua au kikohozi koo linaweza kujibana ghafla akiwa amelala. Kwa hiyo mtoto akiamka na homa na makohozi sema, hata kama umetoka mbali na nauli umekopa, tarehe ibadilishwe. Mtoto aliyezaliwa njiti na bado ni mchanga sema pia, maana hao wanaweza kusahau kupumua masaa kadhaa baada ya kuzinduka na wanatakiwa kulala wodini wakiangaliwa. Sikoseli usifiche kabisa, wala usisubiri uulizwe, kwa sababu mtoto wa sikoseli akipata baridi, akikaukiwa maji au akikosa hewa kidogo thieta anaweza kuingia kwenye maumivu makali, na mtu wa usingizi akijua mapema anajipanga.

Na uji! Hili nalisema kwa uchungu maana bibi zetu wana huruma iliyopitiliza. Uji ni chakula, sio maji. Kwa kawaida chakula, uji na maziwa ya kopo au ya ng'ombe vinaachwa masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2. Sio roho mbaya ya manesi, ni kwamba akilala tumbo likiwa limejaa chakula kinapanda na kuingia kwenye mapafu. Lakini hospitali nazo zijiangalie, unamwambia mama mtoto asile tangu jana usiku afu anaingizwa thieta saa tisa mchana, kweli hapo bibi atavumilia? Watoto wadogo waanze asubuhi, watu wazima wafuate.

Kingine hakuna anayetuambia kuhusu kuzinduka. Watoto wengi wakiamka wanalia kwa hasira, wanarusha mateke, wanamkataa hata mama yao, macho yako wazi ila hawakuoni. Jirani yangu alipiga yowe wodini akijua mtoto kaharibika kichwa. Baada ya kama nusu saa mtoto akatulia akaomba juisi. Ni hali inayojulikana kabisa, dawa inakuwa inaisha mwilini, sasa kwa nini mama asiambiwe kabla? Yule mama mpaka leo anasimulia mtaani kwamba nusu kaputi inapandisha wazimu, na wanaomsikiliza ni wengi kuliko wanaomsikiliza daktari.

Mimi mwanangu wa mwisho alifanyiwa ngiri kwenye hospitali moja kubwa tu ya mkoa. Fomu ya ridhaa niliwekewa mlangoni pa thieta, ya Kiingereza, mtoto analia mkononi, nesi ananionyesha "saini hapa". Yule ambaye angekaa na pumzi ya mwanangu muda wote nilimuona macho tu juu ya barakoa, wala hakujitambulisha. Nilimuuliza papo hapo kama kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kipo, akanionyesha, akanieleza kwa Kiswahili kizuri tu, dakika hazikufika tano, na nikapumua. Sasa zile dakika kwa nini zisipangwe siku moja kabla kwa kila mzazi, mpaka mtu azidai?

Najua watu wa usingizi ni wachache. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi linataka angalau madaktari bingwa 5 kwa kila watu laki moja, sisi hatufiki hata mmoja, kazi kubwa wanaibeba manesi na matabibu waliosomea usingizi na nawaheshimu sana, wanalala na simu mkononi. Lakini kueleza hakuhitaji bingwa kila mara, nesi wa wodi akifundishwa anaweza kukaa na kina mama kumi kwa pamoja jioni ya kuamkia upasuaji, akawaambia kuhusu kula, mafua, sikoseli na ile hali ya kuzinduka.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili na isainiwe wodini, sio mlangoni pa thieta. Na wewe Mhariri nakuomba ule ukurasa wenu wa afya mumpe daktari wa usingizi nafasi awe anajibu maswali ya wazazi, tutayatuma kwa wingi, na mimi langu la kwanza ninalo tayari: mtoto wa sikoseli mwenye nyama za puani, wa miaka mitatu, ajiandae vipi?

Mzazi wa watoto watatu,
Morogoro