Wasafiri wetu wafundishwe kadi ya nauli kabla ya kupanda ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa asiyesafiri huenda likaonekana dogo, nalo ni kadi ya nauli, ile ya kutia fedha na kuziongeza kila zinapopungua, ambayo wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai kufunga mizigo hukutana nayo siku ya kwanza tu wanapotoka hotelini. Ombi langu ni moja: mawakala wa safari na viongozi wa misafara wanaowapeleka watu huko watenge walau nusu saa ya kuwaeleza wasafiri wao namna kadi hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu hivi sasa wengi wetu tunajifunza kwa kukatwa fedha.

Mimi ni muuza vitambaa wa Darajani, na mwaka jana nilifuatana na shangazi yangu, ambaye anauza madera na mitandio na alikuwa hajawahi kuvuka zaidi ya Dar es Salaam. Wakala aliyetushughulikia safari alitueleza vizuri habari za viza, uzito wa mizigo, hata kiasi cha fedha cha kubadilisha kabla ya kuondoka, lakini kuhusu usafiri wa mjini alisema maneno matatu tu: "Mtanunua kadi huko." Tukanunua. Kadi yenyewe, ya rangi ya fedha, inaitwa Nol. Bei yake ni dirhamu 25, na ndani yake zimo dirhamu 19 za kusafiria, maana sita ni gharama ya kadi yenyewe. Jina hilo halimpi tabu Mswahili, kwa kuwa ni neno la Kiarabu lilelile lililotupa sisi "nauli". Shangazi nilipomweleza hivyo alicheka, akasema kumbe ametoka Unguja kwenda kununua nauli ndani ya pochi ya plastiki.

Asubuhi tulipanda basi katika mitaa ya Deira. Shangazi aligusisha kadi mlangoni kama nilivyomwonyesha, mashine ikalia, naye akaitoa pale, akaifunga katika pindo la kanga aliyovaa ndani ya buibui, akalivuta fundo mara mbili kuhakikisha limeshika. Kwake yeye malipo yalikuwa yamekwisha. Tulipofika tulishuka na kundi la watu, nyuma wanasukuma, mimi nimebeba sampuli za vitambaa mikono yote miwili, na tukapita mashine ya mlangoni bila hata mmoja wetu kukumbuka kugusisha tena. Mchana, stesheni ya treni, mashine ya kuangalia salio ilituonyesha kuwa katika kila kadi zimebaki dirhamu 11.50, ilhali sisi tulitarajia 16, kwa kuwa safari ya ndani ya kanda moja ni dirhamu 3 tu. Shangazi aliitazama mashine ile kama anavyomtazama mteja anayedai kuwa ameshalipa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nani kachukua dirhamu zetu nne na nusu.

Hakuna aliyezichukua kwa hila. Jiji lile limegawanywa kanda 7 kwa ajili ya nauli, na mwenye kadi ya fedha hulipa dirhamu 3 akisafiri ndani ya kanda moja, 5 akivuka kwenda kanda ya jirani, na 7.50 akienda mbali zaidi ya hapo. Unapogusisha kadi kwa kupanda, mashine huandika tu mahali ulipoanzia. Hesabu yenyewe hufanywa unapogusisha kwa kushuka. Usipogusisha wakati wa kushuka, mashine haina njia ya kujua kama ulishuka kituo cha pili au ulikwenda mpaka mwisho wa mji, kwa hiyo hukutoza nauli ya juu kabisa. Kwenye treni ni shida kusahau, kwa sababu geti halifunguki mpaka uguse. Kwenye basi mlango uko wazi, na hapo ndipo mgeni anapoponzwa na haraka yake.

Naamini sababu ya watu wetu kuponzwa si ujinga. Katika daladala, iwe ya 505 ya Uwanja wa Ndege au ya 502 ya Bububu, nauli hutolewa mkononi mwa utingo, na ikishatoka imetoka. Hakuna anayekuuliza jambo jingine unaposhuka zaidi ya kupiga bati na kusema twende. Zaidi ya hayo, utingo anakujua kwa uso. Ukimwambia kuwa umepandia njiani na hukustahili kulipa nauli kamili, mtabishana, abiria wawili watakutetea, na mwisho wake mtaelewana. Mashine haibishani wala haielewani na mtu, nayo inajua mambo mawili tu, ulipoingia na ulipotoka.

Liko na jambo jingine la mila zetu ambalo kadi hailijui. Sisi kijana akimwona mama mtu mzima amepanda daladala humlipia, na neno "nimeshakulipia, mama" ni katika adabu za njiani. Jioni ile nilitaka kumlipia shangazi kwa kadi yangu, baada ya yeye kukasirishwa na ile ya kwake, nikagusisha nikamwambia apite, na geti likafunguka kwa mtu mmoja na kufungika. Alibaki upande wa pili akiwa ameshikilia mkoba kifuani, mimi huku, yeye kule, mpaka mfanyakazi wa stesheni alipokuja na kutueleza kwa upole kuwa kila abiria lazima awe na kadi yake. Anayekwenda Istanbul atakuta mambo yako kinyume, kwani huko kadi moja inaweza kugusishwa mara kadhaa kwa watu walioandamana, na ndiyo maana uzoefu wa jirani aliyetoka nchi nyingine si mwongozo wa kutegemewa.

Mfano mzuri zaidi wa tofauti hizo ni London, ambako mpwa wangu anasoma. Huko mabasi yaliacha kupokea fedha taslimu tangu Julai 2014, na abiria hutumia kadi yao iitwayo Oyster au kadi ya benki ya kugusisha. Kwenye basi la London unagusisha mara moja tu wakati wa kupanda, basi. Kwenye treni za chini ya ardhi unagusisha kuingia na kutoka. Pia kuna kikomo cha siku, yaani ukishafikia kiasi fulani safari zinazofuata hazikatwi tena, na ukipanda basi la pili ndani ya saa moja hulipi upya. Mtu aliyezoea basi la London akifika Dubai atashuka bila kugusisha na kukatwa nauli ya juu, kama tulivyokatwa sisi tusiozoea lolote.

Nirudi Dubai, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakokwenda. Mfanyabiashara anayetaka kubana matumizi mara nyingi huchagua tiketi nyekundu ya karatasi, kwa kuwa huipata kwa dirhamu 2 tu kabla ya nauli. Hili ni kosa kwa mtu wa mizunguko. Tiketi hiyo haichukui zaidi ya safari 10, na iliyotiwa safari za treni haifanyi kazi kwenye basi. Nauli yake pia ni kubwa zaidi kwa dirhamu moja kila safari, kwa hiyo atakayekwenda na kurudi kwa siku tatu atakuwa amekwisha kulipa tofauti ya bei ya kadi ya fedha bila kuwa na kadi mkononi. Kuna na faida nyingine ambayo haielezwi: ukibadilisha kutoka treni kwenda basi ndani ya dakika 30, safari yako huendelea kuhesabiwa kuwa moja. Shangazi alipolijua hili alianza kuharakisha kwenye ngazi za stesheni kwa mwendo ambao sijapata kuuona kwake hapa Mkunazini.

Hata hivyo, sitaki ionekane kuwa nawatetea walioiweka kadi hiyo kwa kila jambo. Tangu Agosti 2024, mtu anayeongeza salio kwenye dirisha la tiketi la stesheni za treni hutakiwa kutia dirhamu zisizopungua 50. Kwa mkaazi anayekwenda kazini kila siku hizo ni fedha za juma moja au mawili na hazipotei. Kwa mgeni aliyebakisha siku moja kabla ya kuondoka, anayehitaji safari mbili tu, kanuni hiyo inamwachia salio kubwa katika kadi anayorudi nayo nyumbani. Nani aliyekaa mezani kuandika kanuni hiyo akamfikiria mgeni wa siku tano? Mimi sioni kama alifikiriwa. Ndiyo maana nasema afadhali mtu apige hesabu ya safari zake tangu siku ya kwanza, aongeze mara moja kwa kiasi cha kutosha, kuliko kujikuta siku ya mwisho anahangaika na noti za kumi kumi.

Yapo mengine ambayo nayapitia kwa haraka. Kadi ya fedha haina jina la mtu, kwa hiyo ikipotea salio limekwenda nayo. Behewa la wanawake na watoto limewekewa alama, na mwanamume akikutwa humo hutozwa faini ya dirhamu 100, hata akiwa ameingia kwa kumfuata mama yake. Anayevuka hori kati ya Deira na Bur Dubai kwa abra, vile vyombo vidogo vya mbao, aweke dirhamu moja ya sarafu mkononi. Shangazi alisema hapo ndipo alipojiona yuko kwao, maana nahodha alipita mwenyewe akikusanya nauli kwa kiganja.

Ndugu Mhariri, vikundi vyetu vinavyopeleka mahujaji havimruhusu mtu kupanda ndege kabla hajahudhuria mafunzo, na mzee wa miaka sabini hutoka hapa akijua atavaa nini, ataanzia wapi na atatoka mlango gani. Haya ni mafunzo ya ibada na sithubutu kuyafananisha na biashara ya madera, lakini njia yake ni nzuri na tunayo tayari hapa kwetu. Wakala anayekusanya watu ishirini wa Unguja na Pemba kwa safari moja anaweza kuwakalisha ukumbini, akawapa kadi halisi waishike, akaweka meza mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na kila mmoja akapita akigusisha pote pawili mpaka mkono uzoee. Kadi za kufundishia zipo tele, kwa kuwa ya fedha huishi miaka mitano na karibu kila nyumba ya mfanyabiashara hapa mjini ina moja au mbili zimelala droo moja na funguo zilizopoteza makufuli.

Ya shangazi hailali. Alirudi nayo ikiwa na salio la dirhamu 14, akaiandika namba hiyo kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, akakibandika mgongoni mwa kadi, na mwezi uliopita akamwazima jirani yake wa Mkunazini aliyekuwa akienda kufuata mapazia, kwa sharti kwamba airudishe na salio lilelile na kwamba asishuke kwenye basi lolote kabla ya kusikia mashine imelia mara ya pili.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Mkunazini,
Unguja.