Barua kwa ami yangu: mdundo wa pili ni haki yako

Ami, asalaam alaykum. Shikamoo.

Naandika hadharani kwa sababu kwenye simu, nikilitaja tu neno pikoboli, ule mchezo wetu wa kupigiana mpira wa plastiki kwa vibao juu ya wavu, unaniuliza habari za watoto. Na najua wapo wazee wengine, Wete, Chake na huku Unguja, waliorudi barazani kwa sababu kama yako.

Kosa lilikuwa langu. Siku ile ya Iddi, kwenye sakafu ya kuanikia karafuu, mimi ndiye niliyeupiga ule mpira ukakupita kichwani. Ulikuwa umesimama vizuri karibu na wavu, kikoi umekikaza, makubadhi miguuni. Ukaufuata kinyumenyume. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu kisigino kikateleza, na nikasikia kiganja chako kikipiga saruji kabla sijaona kuwa umeanguka. Kofia yako ilibingirika mpaka kwenye majamvi. Ukainuka, ukasema "hamna kitu", ukapangusa mkono kwenye kikoi, ukaenda kukaa. Tangu siku hiyo ni dhumna na kahawa, na goti linazidi kukaza.

Nimelifikiria sana anguko lile. Mtu akirudi kinyumenyume, uzito wa mwili unapita nyuma ya visigino, na mguu lazima uwahi kuupokea. Mguu wa kijana unawahi. Mguu wenye baridi yabisi hauwahi, na makubadhi hayashiki saruji. Kwa hiyo sasa tuna sharti letu la nyumbani: hakuna kurudi kinyumenyume. Mpira ukikupita, mwenzio anageuka na kuufuata, au unaachwa. Na anayempigia mzee mpira wa juu kwa makusudi, pointi imemtoka.

Najua utakalosema, maana uliniambia siku ile ile: mchezo ukishalegezwa kwa ajili ya mtu, si mchezo tena. Ami, huu mchezo wenyewe ulizaliwa kwa kulegezwa. Mwaka 1965, kisiwa cha Bainbridge, jirani na Seattle huko Marekani, Joel Pritchard na Bill Bell walikuta watoto wao wamekaa tu hawana la kufanya. Kiwanja cha badimintoni kilikuwepo, vifaa havikutimia. Wakachukua vibao vya tenisi ya mezani na mpira wa plastiki wenye matundu. Wavu ulikuwa juu kwa kimo cha badimintoni. Walipoona mpira unadunda vizuri, wakaushusha. Rafiki yao Barney McCallum akaingia, na vibao vya mwanzo vikachongwa kwa plaiwudi. Leo wavu ule ni sentimita 91 pembeni na 86 katikati, na hakuna anayesema ulishushwa kwa kuonewa huruma.

Tena sheria rasmi zinamruhusu mchezaji wa kiti cha magurudumu midundo miwili kabla ya kurudisha mpira, na huo wa pili unaweza kudunda hata nje ya mistari. Anaweza kucheza na wenziwe wanaosimama, wao kwa mdundo mmoja, yeye kwa miwili, na pointi zinahesabiwa zile zile. Sisi nyumbani tumeitanua ruhusa hiyo imfikie kila mwenye goti bovu. Kijana mmoja alinung'unika kwamba huko ni kubebana. Nikamwomba akae kwenye kiti cha plastiki acheze seti moja bila kuinuka. Hakunung'unika tena.

Na wewe mwenyewe, ami, mwaka wa pili sasa unaswali kwa kiti. Nani msikitini amekwambia swala yako haijatimia? Mwenye udhuru ana ruhusa yake. Ikiwa umeipokea ruhusa katika jambo kubwa kama lile, kwa nini uikatae kwenye sakafu ya karafuu?

Sasa nikupe habari ya jikoni. Kila upande wa wavu kuna eneo la mita 2.13 ambamo huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda, na wachezaji wenyewe wanaliita jikoni. Hapo ndipo mchezo wako ulipo. Aliyesimama nyuma ya mstari wa jikoni hakimbii. Anasukuma mpira polepole, unavuka wavu kidogo tu na kufia miguuni mwa mpinzani. Kijana mwenye nguvu anaupiga kwa hasira, unatoka nje. Mzee aliyecheza bao miaka arubaini anajua kungoja. Nilikuona siku ile kabla ya anguko: pointi nne mfululizo ulizipata bila ya kunyanyua kisigino.

Bega nalo lisikutie wasiwasi. Mpira unaanzishwa kwa mkono wa chini, haurushwi juu kama tenisi. Unaweza hata kuuachia udunde kwanza ndipo uupige. Kiwanja kizima ni mita 13.41 kwa 6.10, lakini sisi tunacheza nusu ya upana, na tunaishia pointi 7 badala ya 11, halafu maji na mapumziko. Viti viwili vinakaa pembeni, na anayetaka kucheza kwa kukaa anavisogeza mpaka mstari wa jikoni. Upepo ndio mtihani: mpira una gramu ishirini na kitu tu, na kusi likivuma unapelekwa lilipotaka. Basi tunacheza asubuhi mapema, na siku za upepo mkali tunatumia mpira wa sponji, ambao pia unakwenda taratibu.

Nina ombi moja tu la lazima. Presha yako ipimwe kwanza, na daktari aliangalie goti. Ukisikia kifua kinabana au kichwa kizunguzungu, unakaa hapo hapo, hata kama pointi ni 6 kwa 6. Na makubadhi yabaki mlangoni. Viatu vya mpira vyenye soli bapa nimekununulia, namba 42.

Kibao chako fundi seremala amekichonga upya kwa plaiwudi nyepesi. Mpini nimeuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli mpaka ukanenepa, kwa sababu nilikuona vidole vinavyokuuma unapokamata kitu chembamba. Wavu ni kipande cha nyavu kuukuu, umefungwa kwenye boriti mbili zilizosimikwa ndani ya makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Vyote nitakuja navyo kwa boti Ijumaa. Karafuu bado hazijaiva, sakafu iko tupu. Mwambie mtu aifagie tu, michanga isije ikatutelezesha. Jumamosi baada ya alfajiri nitapiga hodi. Utakuwa upande wangu, na mipira yote ya nyuma ni yangu.