Bomba halikufunguliwa

Mwanangu mpendwa,

Juzi tulipokuwa tunatazama filamu ya katuni ya Up, uliinuka ghafla ukasema una kiu. Nikatega sikio. Bomba la jikoni halikufunguliwa.

Nami koo lilikuwa limenikaba. Filamu ile ya mwaka 2009 inasimulia ndoa nzima kwa dakika kama nne, hakuna anayetamka neno, muziki tu. Carl na Ellie wanadunduliza sarafu kwenye chupa kwa ajili ya safari ya ndoto yao. Gurudumu linapasuka, chupa inavunjwa. Mti unaangukia paa, inavunjwa tena. Watu husema wanalia Ellie anapofariki. Mimi huanza mapema, kwenye chupa. Kifo kinakuja tu kukuta machozi yameshajaa.

Na katika Bambi, katuni ya mtoto wa kulungu ya mwaka 1942, mama yake hatumwoni akifa. Unasikika mlio wa bunduki, kisha mtoto anazunguka kwenye theluji akiita, haitikiwi. Yale tusiyoonyeshwa tunayamalizia wenyewe, na kila mmoja huyamalizia kwa sura ya mama yake.

Lakini sijawahi kukuambia ni ipi inayoniliza mimi zaidi. Ni Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, filamu ya Kiitaliano iliyoongozwa na Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Mjini Roma, baada ya vita, baba mmoja anapata kazi ya kubandika mabango, kazi isiyofanyika bila baiskeli. Baiskeli inaibwa. Anaitafuta na mwanawe mdogo, Bruno, hadi miguu inawauma, na mwisho, kwa kukata tamaa, anajaribu kuiba ya mtu mwingine. Anakamatwa. Watu wanamzonga, wanampiga kofi, na mtoto anaona yote. Mwenye baiskeli anamtazama Bruno, anamwachia baba yake aende. Wanatembea katikati ya umati, baba analia, na Bruno anaingiza mkono wake mdogo katika mkono wa baba. Basi. Hasemi kitu. Aliyeigiza baba yule, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji, na nafikiri ndiyo maana haya ile imekaa usoni mwake kama ya mtu unayemjua.

Niliitazama mara ya kwanza kabla hujazaliwa, nikaiona nzuri, nikalala. Nilipoirudia ulikuwa na miaka mitano, umesinzia mapajani pangu. Nilikuwa nimeachishwa kazi, wewe nimekuambia niko likizo. Mkono wa Bruno ulipoingia katika ule wa baba yake, nilishindwa kujizuia. Kwikwi zangu zikakuamsha. Ukauliza, "Baba, unalia?" Nikakujibu vumbi limeniingia machoni.

Nina hakika hapo ndipo ulipojifunza kwenda jikoni.

Nisamehe kwa vumbi lile. Jumamosi nitaiweka tena filamu hiyo. Njoo ukae karibu nami, maji tutayaweka mezani kabisa.

Baba yako