Kwa mama wa kigari cha chakula, Bangkok

Mama, jina lako sikulijua, lakini nikinyamaza nitakuwa mwizi wa fadhila.

Siku ile nilishuka Bangkok sijalala, begi gurudumu limeng'oka. Nikanyoosha kidole kwenye nyama ya kusaga uliyokuwa ukiikaanga na majani ya mrihani. Ukachota pilipili kiganjani, ukanitazama usoni, ukazirudisha zote ukabakiza moja. "Mai phet," ukanifundisha: isiwe kali. Hiyo moja ilinitoa machozi, na mimi nimelelewa na pilipili kichaa! Ukacheka, ukaniwekea yai juu ya wali, hukunitoza. Nilipoanza kula kwa uma ukaninyang'anya, ukanipa kijiko. Kumbe kwenu uma ni wa kusukumia tu.

Saa kumi na mbili jioni spika zikapiga wimbo wa taifa. Mimi natembea zangu. Ukanishika mkono wa shati. Kutazama, watu wote wamesimama wima. Nikaganda nami, mfuko wa maembe mkononi.

Khob khun khrap, yaani asante, mama. Chumba nilikipata, kichochoro kile kile ulichonichorea nyuma ya risiti. Viatu naviacha mlangoni, kama kwetu Tanga.